Kelele Ndani ya Chupa ya Marashi

Uliona. Usiniambie ulikuwa umeinama kufunga kamba za viatu, maana siku ile ulivaa ndara. Walipomtoa Siwatu pale gereji, wanaume wanne wamembeba kama kabati linalohamishwa nyumba, wewe ulikuwa ng'ambo ya barabara unanunua muhogo wa kuchoma. Ukageuza shingo. Ukamuuliza muuzaji kama pilipili ni ya leo au ya jana. Binti wa watu anaingizwa garini kichwa mbele, na wewe unachunguza pilipili.

Mimi sina cheo wala cheti, lakini kusahau sikufundishwa. Nakumbuka mwaka Jamhuri yetu ya Shwari ilipopiga marufuku filimbi za marefa, fainali ya kombe ikachezwa siku mbili na nusu kwa sababu hakuna aliyejua imekwisha. Ukasema wewe si mpenzi wa kandanda. Nakumbuka mwaka wa kusajili majogoo, jogoo asiye na kibali cha kuwika akawa anafungwa mdomo kwa raba. Ukasema wewe hufugi. Safari hii nimekuletea jambo ambalo huwezi kusema halikuhusu, labda kama huna pua.

Na nitalieleza kwa adabu. Serikali yetu ni nzuri na haijawahi kukosea. Kila ilipokaribia kukosea, iliwahi kubadilisha maana ya kosa.

*

Sheria ya Utulivu unaijua, imebandikwa hadi vyooni. Hakuna sauti kuzidi ya birika linalokaribia kuchemka. Likichemka kabisa, mwenye birika anajieleza kwa maandishi. Redio ya Taifa hupiga nyimbo za kubembeleza watoto kuanzia taarifa ya habari ya alfajiri, na katika kusinzia, kwa mujibu wa takwimu za Wizara, tumezipita nchi zote jirani.

Siwatu akaanzisha bendi. Akaiita Misumari Kutu, na muziki wao ni panki. Kwa asiyeujua, panki ni gitaa linalochunwa kama mbuzi na ngoma zinazogongwa kama mlango wa mtu aliyekufungia nje. Walikuwa wanne: watatu hawajui kupiga, na Siwatu hajui kuimba, na hapo ndipo palipokuwa na utamu. Wimbo wao wa kwanza ulikuwa na mstari mmoja tu: "Mnatubembeleza, nani kawaambia tuna usingizi?" Mstari mmoja, dakika nne. Mzee mmoja aliyekuja kuziba pancha siku ya mazoezi alisikiliza mpaka mwisho, akasema huo ndio wimbo wa kwanza aliouelewa tangu ujana wake.

Hawakumaliza wimbo wa pili. Wenzake watatu walipitia dirishani. Siwatu alibaki ameshika kipaza sauti kwa mikono miwili, ikabidi wakibebe pamoja naye. Kilichobaki ni koti lake la ngozi, kwenye kiti.

*

Mama yake, Bi Mwanamkuu, ni mtengeneza marashi. Hakuna harusi wala msiba mtaani kwetu usiopitiwa na mkono wake. Kuhusu muziki wa mwanawe hakuwa na upendeleo. "Anaimba kama mtu aliyebanwa kidole na mlango," alikuwa akisema, "lakini ni kidole chake."

Alipokwenda kuchukua koti, nilikuwepo. Alilikunja, akaliweka puani, akakaa hivyo muda mrefu hata nikaona haya kusimama pale. Koti lilikuwa limekusanya kila kitu: moshi wa spika iliyoungua waya, mafuta ya taa, raba ya matairi, kutu, jasho, na karafuu, maana Siwatu alikuwa akitafuna karafuu koo lisimkauke.

"Sauti wamekwenda nayo," akasema. "Harufu wameisahau."

Akafanya kama wafanyavyo na asumini. Unalilaza ua juu ya mafuta, unaliondoa, unalaza jingine, siku baada ya siku, hadi mafuta yameshika. Yeye akalaza kipande cha koti, na waya uliounguzwa, na msumari. Siku ya ishirini na moja akafungua kopo, na fundi wa gereji, aliyekuwa akipita tu njia, akasimama akapiga teke ndoo. Hakujua kwa nini. Aliomba radhi, kisha akaipiga tena.

Mafuta yale Bi Mwanamkuu akayaita Kelele.

Unajua desturi yetu: hakuna anayeingia harusini bila kunyunyiziwa marashi kwa mrashi pale mlangoni. Ijumaa moja, badala ya maji ya waridi, wageni wa harusi ya mjukuu wa Bi Kisuka walinyunyiziwa Kelele. Kwa dakika kumi hakikutokea kitu. Kisha Afisa wa Shwari wa kata akasimama kusoma ile hotuba ya kurasa kumi na sita juu ya umuhimu wa maharusi kulala mapema, na Bi Kisuka, mwanamke wa miaka themanini ambaye tangu Sheria ya Utulivu iingie huomba ruhusa kabla ya kukohoa, akamwambia, "Kaa chini, mwanangu, umetuchosha." Akaanza kupiga mguu sakafuni. Ukumbi mzima ukapiga mguu. Wewe ulikuwepo. Ulipiga mguu chini ya meza, polepole, juu ukiwa umetulia kama picha ya pasipoti.

*

Wizara haikuchelewa. Waziri wa Utulivu, Mheshimiwa Dakta Kisebusebu, alilihutubia Taifa kwa sauti ya birika.

"Ndugu wananchi, adui ameshindwa kupitia masikioni. Sasa anapitia puani. Pua, ndugu zangu, ndiyo mpaka pekee wa Taifa letu ambao haujawahi kuwekwa walinzi."

Ikaundwa Idara ya Wanusaji. Wakaajiriwa mia nne, kila mmoja na sare na leso rasmi. Na kwa kuwa mtu hawezi kuikamata harufu asiyoijua, kila mnusaji akapewa chupa moja ya Kelele iliyotaifishwa, aipake asubuhi na jioni, aizoee. Hapo weka kidole. Nilimwambia Bi Mwanamkuu siku ileile kwamba nchi imeajiri watu mia nne wa kuitembeza harufu ya mwanawe, na akacheka kwa mara ya kwanza tangu Siwatu achukuliwe. Sikujua tunacheka nini.

Wakaanza kukamata. Walimkamata muuza mafuta ya taa kwa kunuka mafuta ya taa. Walimkamata fundi chuma kwa kutu, mpishi wa pilau kwa karafuu, na timu nzima ya mpira kwa jasho. Mtaani kwetu watu wakaacha kusalimiana kwa mkono. Ukawa unamkaribia mwenzako kwa ubavu, unavuta pumzi, unasema "habari za asubuhi" huku unapima. Wanandoa walilala wamepeana migongo. Jirani yako wa kushoto alimripoti mkwewe, na jirani yako wa kulia akaripoti kwamba wa kushoto amechelewa kuripoti. Wewe, nasikia, ulikuwa unaoga mara tano kwa siku na kunyamaza, ukitumaini maji yatakutetea.

*

Mheshimiwa Kisebusebu akaja mwenyewe dukani kwa Bi Mwanamkuu, mchana kweupe, magari sita. Akasema amekuja kukagua. Akakagua kopo la kwanza, akafumba macho. Akakagua la pili. Mguu wake wa kulia ukaanza kutikisika, akaukalia.

"Bi mkubwa," akasema, "hiki kitu ni hatari sana. Kinatengenezwaje?"

"Mheshimiwa anauliza ili apige marufuku, au anauliza ili apake?"

"Serikali haipaki. Serikali inahifadhi."

"Nina mwanangu huko kwenu."

"Katika Nyumba ya Mapumziko. Anapumzika vizuri." Akavuta kiti karibu. "Bi mkubwa, mimi ni mzazi kama wewe. Nipe namna ya kutengeneza, yote, na mwanao atarudi kwako kwa taratibu zilizopo."

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na nilimkonyeza asitoe. Alinitazama kwa jicho ambalo sikulipenda, jicho la mtu anayekumbuka kwamba mimi sina mtoto ndani. Akatoa yote. Siku ngapi, koti upande gani, msumari wa aina gani. Akakata na kipande cha ngozi ya koti lenyewe, akampa. Nilimkasirikia wiki nzima. Leo namuomba radhi mbele yako, maana wakati yeye anatoa alichokuwa nacho kumwokoa mwanawe, mimi nilikuwa natoa ushauri.

Hakusikia yale maneno matatu ya mwisho, "kwa taratibu zilizopo." Nami sikuyasikia.

*

Mwezi uliofuata, mabango. Uasi wa Amani: marashi rasmi ya Jamhuri, mililita hamsini, kizibo cha dhahabu. Ndani ni Kelele ileile, ila imetiwa waridi ili isimshtue mtu. Mheshimiwa akapanda jukwaani, shingo inang'aa mafuta.

"Ndugu wananchi, kuna wanaosema Serikali hii inaogopa uasi. Uongo. Uasi ni haki ya kila raia, na kwa kuwa raia mna shughuli nyingi, Serikali imeamua kuufanya kwa niaba yenu. Paka matone mawili asubuhi. Umekwishaasi. Nenda kazini."

Watu wakapiga makofi ya kiwango kinachoruhusiwa.

Watumishi wote wa umma wakaamriwa kupaka. Mahakimu wakapaka, na askari, na yule Afisa wa Shwari wa kata. Vijana wa mjini wakapaka wakajipiga picha wamekunja ngumi. Na wewe ukapaka. Ulinunua chupa kubwa. Nilikukuta kwenye foleni, ukaniambia kwa kunong'ona, "Ndugu yangu, mimi moyoni nipo na Siwatu kila siku, ninusie hapa shingoni." Nilikunusia. Ulinukia vizuri. Ulinukia sawasawa na askari aliyesimama nyuma yako.

Na kwa kuwa sasa kila mtu amepaka, likazuka swali jipya, lile ambalo sasa linatembea mitaani na daftari. Mtu asiyenukia chochote, anaficha nini?

*

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo penyewe.

Kwa taratibu zilizopo, mtu wa Nyumba ya Mapumziko hutoka pale Mnusaji Mwandamizi atakapomnusa na kuthibitisha kwamba haasi tena. Kunusa ni Alhamisi, mara moja kwa mwezi. Wanaothibitishwa, huenda nyumbani. Wanaoandikiwa "bado" mara tano, hupelekwa Kambi ya Kupunga Hewa, kule kwenye majangwa ya chumvi, wapungwe mpaka harufu iwatoke. Kambi ile ina miaka tisa, maana kabla ya harufu walikuwa wakipungwa sauti. Naweza kukutajia waliokwenda. Aliyerudi, nitajie wewe.

Siwatu ana "bado" nne. Ya nne tulikuwepo, mama yake na mimi.

Walimleta kwa kanzu nyeupe, kichwa kimenyolewa. Ameoshwa kwa magadi siku tatu. Alikuwa hanuki kitu, wala kunukia. Nilikuwa hatua moja kutoka kwake, na nakuapia ukuta ulikuwa na harufu kumzidi. Mnusaji Mwandamizi Mkwizu akaingia, mtu mwenye heshima zake, mpole, amepaka matone yake mawili kama sheria inavyotaka, na kwa bidii ya kazi ameongeza la tatu. Akasogea. Akavuta pumzi karibu na sikio la Siwatu. Akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Bado," akasema. "Tena imekolea. Andika, karani."

"Afande," Bi Mwanamkuu akasema, "nipe ruhusa."

"Sema, mama, kwa upole."

"Hiyo unayoisikia ni yako."

Mkwizu akanusa mkono wake mwenyewe. Akanusa kola. "Mimi sina harufu yoyote."

"Unayo, mwanangu. Umeivaa miezi yote hii, pua imeizoea. Mkaanga vitunguu hasikii vitunguu. Ukimwinamia mtu, unaikumbuka kazi yako, unaivuta kwa nguvu, unaisikia. Mnuse karani hapo."

Mkwizu akamnusa karani. Akashtuka. "Huyu naye anaasi."

"Nimepaka kwa amri, afande," karani akasema.

"Nusa kiti," Bi Mwanamkuu akasema.

Akainama akanusa kiti. Nacho kilikuwa kinaasi. Akanusa bendera, akarudi nyuma haraka kwa sababu za kikazi. Nilimwona anaelewa, nakuapia, niliuona ukweli unampanda mpaka kwenye paji la uso, kisha nikamwona anaushusha, taratibu, kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

"Mama," akasema, "nikiandika kwamba pua yangu haifai, na za wenzangu mia nne hazifai, basi wote tuliowaandikia 'bado' tuliwaandikia nini?"

Karani akaandika "bado".

Siwatu akainua kichwa. Sauti yake imekuwa ya mtu mzima, ni ile miezi yote ya kunong'ona. Akamgeukia mama yake.

"Ni kweli umewapa ile namna?"

"Nimewapa, mwanangu."

"Na jasho umewawekea?"

"Lako. Lile la kwenye koti."

Akacheka mpaka askari wakamshika mabega. "Kwa hiyo Waziri anapanda jukwaani ananukia kwapa langu." Kisha akaacha kucheka, akasema polepole, jambo ambalo sijamsikia akilifanya kabla, "Mama, ya tano wataniandikia. Fanya kitu. Kupaka wamekwishapaka wote."

*

Nimekaa juu ya sheria zao usiku na mchana, mimi ambaye shule niliiona kwa nje. Nikakipata. Kifungu cha thelathini na moja, kidogo, cha pembeni. Nakumbuka kilivyoingia: mwezi ule wa mwanzo, wanusaji walimkamata mama mkwe wa Mheshimiwa Kisebusebu kwa sababu alitafuna karafuu, jino likimuuma. Ikabidi atoke. Kikaandikwa kifungu asubuhi, ukoo wake ukajiandikisha mchana, akatoka siku ya nane, na kwa haraka ya kumshangilia bibi wakasahau kukifuta.

Kinasema hivi: wananchi ishirini wenye pua safi, yaani wasiopaka harufu yoyote kwa siku saba kamili, waliojiandikisha kwa karani wa geti kabla siku hizo hazijaanza, wakimnusa mtuhumiwa na kusema hana harufu, neno lao linashinda la Mnusaji. Halikatiwi rufaa.

Ishirini tu. Katika nchi ya watu milioni tisa, nikadhani nitawapata kabla chai haijapoa. Nimezunguka siku kumi na mbili. Wengine walinifungia mlango. Wengine walinikaribisha ndani, wakanipa kiti, wakaniambia kwamba wao tayari wamepaka, kwa hiyo wamekwishaasi, na kuoga itakuwa kurudi nyuma. Mmoja alilia machozi kabisa akisimulia anavyompenda Siwatu, kisha akauliza kama akijiandikisha jina litaandikwa kwa kalamu ya wino au ya risasi.

Tuko kumi na watatu. Yupo Bi Mwanamkuu, ambaye amefunga duka na kuvitupa vikopo vyake vyote, hana tena hata tone la waridi. Yupo Bi Kisuka. Yupo fundi wa gereji, aliyejisugua mikono kwa mchanga mpaka ikatoka damu ili mafuta ya gari yasihesabiwe. Tukipita njiani bila harufu, watu wanahama upande wa barabara, na wenye daftari wanaandika. Sikudanganyi kwamba hawataandika jina lako. Wataliandika, na kwa wino.

Leo ni Jumatano. Siwatu atanuswa Alhamisi ya wiki ijayo. Hesabu mwenyewe: siku saba kamili zinaanza kesho alfajiri, na geti la kujiandikisha linafungwa leo saa tisa na nusu alasiri. Ukioga kesho, umeoga kwa ajili ya afya yako. Ukisema utakuja na wenzako wiki ijayo, wenzako watamkuta amekwishapakiwa kwenda kwenye chumvi.

Sikuombi upige kelele. Sikuombi hata umpende. Nakuomba pua moja na beseni la maji. Tembea mpaka dirisha la kushoto la Nyumba ya Mapumziko, lile lenye kioo kilichopasuka, taja jina lako kamili, la kwako, la baba yako na la babu yako, na usubiri karani aliandike lote. Kisha usipake kitu, uje Alhamisi usimame hatua moja kutoka kwa yule binti, uvute pumzi, useme mbele yao wote ulichokisikia.

Zinatakiwa pua saba. Saa hizi ni saa saba mchana. Weka karatasi hii chini, nenda kaoge.